Kashata, tende au glukosi: utamu upi wa kubeba Mlima Kenya?

"Asalaam aleikum daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mombasa, uzito wangu kilo 65. Januari, inshallah, mimi na wenzangu wanne tutapanda Mlima Kenya kwa siku tano, tunaingilia Sirimon na kutokea Chogoria. Kiongozi tunaye, lakini wapagazi hatukuchukua, kila mtu atajibebea begi lake. Mwaka jana tulipanda Lesatima kule Aberdare nikashindwa njiani. Asubuhi nilikunywa chai ya mkandaa tu, na bilauri nzima ya glukosi kabla hatujaondoka. Biskuti nilikuwa nazo lakini sikuzigusa. Kufika saa sita mchana miguu iliisha nguvu, nikatetemeka, jasho baridi likanitoka, nikataka kulia bila sababu. Mwenzangu mmoja asema ni ile sukari iliyonipandisha kisha ikaniangusha, kwa hiyo nibebe karanga tupu. Mwengine asema tende zatosha. Mamangu mdogo hupika kashata na halua za kuuza, naye amesema nichukue nitakazo, lakini mama ana kisukari na naogopa kula sukari siku tano mfululizo. Nibebe nini, kiasi gani, na begi lisinivunje mgongo?"

Waaleikum salaam, kijana wangu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari wa hospitali, na kuna mambo katika swali lako ambayo nitakutuma kwake. Yaliyobaki ni ya jikoni na ya begi, na hayo tutayamaliza hapa.

Tuanze na Lesatima, maana usipoelewa kilichokuangusha kule, Januari utabeba vitu sahihi na bado utaanguka. Mwenzako ameishitaki sukari. Mimi naishitaki saa. Hesabu nami: ulikula chakula cha usiku, ukalala. Usiku kucha ubongo wako ulikuwa ukitumia akiba ndogo iliyo kwenye ini, kama gramu 100 tu za wanga, na kulipokucha sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa imekwisha. Ukaamka ukanywa mkandaa, ambao ukiondoa sukari uliyotia ni maji ya moto. Ukaongeza bilauri ya glukosi. Kisha ukapanda mlima mpaka saa sita bila kutia kitu kinywani, na biskuti umezibeba mgongoni. Kutetemeka, jasho baridi, kutaka kulia bila sababu: huo ni ubongo unaolilia sukari. Uliangushwa na kuikosa.

Maneno ya mwenzako yana chembe ya kweli, na sitaki kumdhulumu. Mtu akinywa sukari nyingi kwa mkupuo akiwa amekaa, kongosho hutoa insulini kwa wingi ili sukari iingie kwenye misuli na ini. Akiondoka nusu saa au saa moja baadaye, wakati insulini bado imejaa kwenye damu, na misuli nayo ikaanza kuvuta sukari kwa ajili ya kazi, sukari ya damu inaweza kushuka kwa muda. Baadhi ya watu huhisi kizunguzungu kifupi, na wengi hawahisi chochote. Lakini jambo hilo hutokea mwanzo wa safari, halingengoja mpaka saa sita. Na ukishaanza kutembea mambo hugeuka: mwili wenyewe hupunguza insulini, na misuli inayofanya kazi huivuta sukari bila kuihitaji insulini nyingi. Ndiyo maana sukari inayoliwa kidogo kidogo ukiwa njiani haikupandishi wala kukuangusha. Inatumika inapoingia.

Sasa karanga tupu. Wazo la mwenzako lina mantiki ya uzito. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kwa mtu anayebeba begi lake mwenyewe, hiyo si hesabu ndogo. Ila mlima haukuulizi kalori ngapi umebeba tu, unakuuliza pia ngapi unaweza kuzitumia sasa hivi, ukiwa unahema.

Mwili wako una maghala mawili. La mafuta ni kubwa mno: hata kijana mwembamba wa kilo 65 hubeba kilo kadhaa za mafuta chini ya ngozi, makumi ya maelfu ya kalori, yanayotosha kupanda na kushuka Mlima Kenya zaidi ya mara moja. Ghala la wanga, kwenye misuli na ini, ni dogo: kiasi cha gramu 400 hadi 500, yaani kama kalori 2,000, na siku moja ya kupanda na begi yaweza kulikausha. Kwa hiyo unapotembea huna upungufu wa mafuta hata kidogo. Kinachoweza kukuishia ni wanga. Mafuta pia huchomwa polepole, na huhitaji hewa zaidi: lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa kama kalori 5, ikichoma mafuta hutoa kama 4.7. Ukiwa Nyali tofauti hiyo huisikii. Ukiwa kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako shinikizo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la pwani, kila pumzi ina bei. Halafu kuna tumbo. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na mlimani, ambako kichefuchefu hakiko mbali, konzi ya karanga tupu ikikaa hapo kama jiwe hutaitamani tena.

Shauri langu basi ni hili, na mengine yote yanatoka humo: usichague kitamu kwa kuangalia kalori peke yake, kichague kwa saa utakayokila. Ukiwa unatembea, hasa juu ya mita 3,500, sukari iongoze. Ukifika kambini, umevua viatu na usiku mzima uko mbele yako, hapo mafuta na karanga zina kazi yake.

Kwa uzito wako na begi la kilo 14 hivi, siku ya kutembea saa sita au saba itakugharimu karibu kalori 3,500. Vyakula vya kambini, uji asubuhi na wali au ugali jioni, vikikupa 2,500, umebakiwa na pengo la kalori 1,000 kwa siku, na hilo ndilo la kuzibwa na vitamu. Ukitaka kalori 1,000 kutoka kwenye ndizi mbivu, utabeba zaidi ya kilo moja, tena bila kuhesabu maganda. Kwa tende ni kama gramu 360. Kwa sukari au glukosi ni 260, kwa biskuti za kawaida kama 220, kwa kashata za karanga zenye karanga nusu na sukari nusu ni kama 210, kwa chokoleti 185, kwa karanga tupu 175. Kwa siku tano, ndizi zitakuwa kilo tano na nusu, na kashata zitakuwa kilo moja na kidogo. Mamako mdogo amekushinda hesabu bila kushika kalamu.

Kashata ya karanga ni chakula cha safari kilichokamilika kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa kwenye karatasi za kung'aa. Ina sukari ya sasa hivi na mafuta ya baadaye, ina protini kidogo, haivuji, haiyeyuki ndani ya basi la Nanyuki kama chokoleti. Mwombe akupikie za aina mbili. Za njiani ziwe na sukari kuzidi karanga, na karanga zitwangwe kidogo, zisiwe nzima, ili usitafune sana huku unahema. Atie tangawizi kavu, iliki kama kawaida yake, na chumvi kidole kimoja zaidi ya anavyozoea, kwa sababu jasho limekuondolea chumvi na utamu mtupu huchosha ulimi. Za kambini ziwe na karanga nyingi, au simsim, sukari ya kushikilia tu.

Muhimu kuliko yote, azikate vipande vidogo, ukubwa wa pingili ya kidole gumba, zikiwa bado moto. Hili nalisisitiza kwa kuwa najua kinachotokea: kashata laini ya Mombasa huwa kigae usiku wa baridi kali. Nimewahi kusimama gizani juu ya kambi ya Shipton's na bonge la kashata mkononi, glavu nene, nikashindwa kulivunja, nikalirudisha mfukoni, na saa moja baadaye nikawa ninajikokota. Kipande kidogo unakiweka shavuni kinalainika chenyewe huku unatembea, na jino lako linasalimika. Akitia asali kijiko kimoja au viwili ndani ya sukari inayochemka, kashata haikauki sana kama kigae.

Karanga zenyewe azichague kwa mkono. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, wala asidhani kukaanga kunaziponya. Ukungu wa karanga na mahindi hutoa sumukuvu, na moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Wakenya tunakumbuka mahindi ya Ukambani ya mwaka 2004, watu zaidi ya 100 walikufa. Na kabla hujagawia wenzako, uliza kama kuna anayedhurika na karanga. Mlimani si pahali pa kuligundua hilo.

Kashata za nazi ni tamu na zina nguvu, lakini nazi mbichi ina maji karibu nusu ya uzito wake, nayo huchacha upesi kwenye joto letu la pwani. Kama unazipenda, nazi iliyokunwa ikaangwe kwanza mpaka ikauke, ndipo itiwe kwenye sukari. Ujue pia kwamba mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kule juu zitakuwa kama mshumaa mdomoni. Mimi ningezila zote siku ya kwanza, kabla ya kambi ya Old Moses.

Halua ibaki ya kambini. Imepikwa kwa maji, kwa hiyo sehemu ya uzito wake ni maji, na kuishika na glavu ni mateso. Lakini kipande cha halua na kahawa chungu jioni ya pili, mkiwa Shipton's, mita 4,200, mawingu yamefunga bonde, kina thamani ambayo mizani haipimi. Beba robo kilo mle nyote watano.

Tende ni nzuri, na huhitaji mimi kukueleza, kila Ramadhani unajua mwenyewe tende ya kwanza inavyopokelewa na mwili mtupu saa ya magharibi. Sababu moja ni kwamba sukari yake ni glukosi na fruktosi pamoja. Utumbo una milango tofauti ya kuingizia sukari hizo mbili, na zikija zote, nyingi zaidi hupita kwa saa moja kuliko ikija glukosi peke yake. Asali iko vivyo hivyo, na sukari ya kawaida pia ikishavunjwa tumboni. Tende tano au sita za wastani zitakupa gramu 30 za wanga. Kasoro yake ni uzito, na nyuzinyuzi: mtu asiyezoea akila tende thelathini kwa siku, tumbo litamtafuta, na hapo choo kiko mbali. Toa kokwa nyumbani, umepunguza uzito na umeokoa meno kwenye giza.

Sukari guru usiibebe kwa kudhani ni dawa. Ina madini kidogo zaidi ya sukari nyeupe, lakini kwa nguvu ni ileile. Kama unapenda ladha yake, ipikie kashata.

Na glukosi usiitupe, itumie vizuri. Vijiko vitatu vya chakula, kama gramu 30, kwenye nusu lita ya maji na chumvi kidogo, unywe kwa mafunda kwa saa nzima. Ukiitia nyingi mpaka maji yakawa mazito kama shira, yatakaa tumboni na kukuletea kichefuchefu.

Kiasi cha kula njiani ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Usipime, fanya hivi tu: kila baada ya nusu saa ya kutembea, vipande viwili vitatu vya kashata za njiani au tende tatu, na maji. Anza nusu saa ya kwanza, njaa ikiwa haijakuja. Mmoja wenu awe mtunza saa, aite, nyote mle. Asubuhi kabla ya kuondoka usirudie kosa la Lesatima: kunywa uji wa kutosha, na kama kitu hakipiti, tende na chai yenye sukari na maziwa.

Usiku wa kilele ni habari nyingine. Wengi huondoka Shipton's saa nane au saa tisa usiku ili walione jua likichomoza wakiwa Lenana. Ni baridi, ni mwinuko mkali, na hamu ya kula imepotea kabisa. Hiyo ni tabia ya mwinuko wenyewe, mwili hukataa chakula hata ukiwa na upungufu. Hapo chakula bora ni kile utakachokubali kumeza. Vitamu vya usiku huo vikae mfuko wa ndani, karibu na kifua, si juu ya begi. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na ukiigeuza mdomo utabaki wazi.

Usibebe utamu peke yake. Siku ya tatu utauchukia. Beba mabuyu, ukwaju mkavu, kachiri za muhogo zenye pilipili, hata achari ya embe ndani ya kikopo kidogo. Huvibebi kwa ajili ya kalori, bali ndivyo vitakavyoufungua mdomo urudi kwenye kashata. Nimeona mtu aliyekataa kila kitu Shipton's akaanza na buyu moja, akamaliza na sahani ya wali.

Weka vyote kwenye kopo la bati au chombo chenye kifuniko cha kubana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu ya hifadhi tangu Juni 2020. Na hata bila sheria, pimbi wa Shipton's wamezoea watu, na begi lililoachwa wazi na harufu ya karanga ni mwaliko.

Kwa hesabu ya mwisho, beba wewe peke yako gramu 600 za kashata za njiani, 250 za kambini, nusu kilo ya tende zisizo kokwa, na glukosi gramu 150 kwa ajili ya usiku wa kilele. Hiyo ni kilo moja na nusu, kalori kama 6,000: 5,000 za siku tano, na ziada kama mvua itawachelewesha. Zijaribu kwanza: vaa begi lile lile, nenda ukatembee Shimba Hills siku nzima ukila kwa saa kama nilivyosema. Tumbo huzoezwa kama miguu.

Sasa jambo ambalo ningeomba ulisome pamoja na wenzako. Njaa na ugonjwa wa mwinuko hufanana mwanzoni: udhaifu, kichefuchefu, hasira. Sukari huponya njaa tu. Mtu dhaifu aliye na akili timamu mpumzishe, mpe tende na maji ya glukosi, mvike joto, na ndani ya robo saa au dakika ishirini aanze kuchangamka. Kama kichwa kinamuuma na anatapika, hapandi zaidi. Na akianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, kuhema akiwa amekaa, au kukohoa makohozi yenye povu, msisubiri dakika ishirini wala mbili. Teremkeni naye saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama Lenana inaonekana, na mumfikishe kwa daktari. Mtu asiyejitambua msimtie kitu kinywani.

Kuhusu mama na hofu yako. Kisukari cha ukubwani hakiji kwa kashata za siku tano za kupanda mlima. Sukari unayokula ukiwa unatembea inaingia kwenye misuli inayoisubiri. Hatari ni mtu kushuka akaendelea kula kama yuko Sirimon, huku kutwa amekaa kwenye kiti. Ukirudi Mombasa kashata zirudi kuwa za wageni na sikukuu.

Lakini mzazi mwenye kisukari anakuongezea uwezekano wa kukipata, na hilo halihusiani na mlima. Nenda zahanati ukapimwe sukari kabla ya Januari. Kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara nyingi usiku au umepungua uzito bila kukusudia, nenda wiki hii. Mwambie daktari pia habari ya Lesatima, hasa kama kutetemeka huko kumewahi kukupata siku ya kawaida bila mlima. Kipimo kikirudi kibaya, mpango wote nilioandika hapa usiufuate mpaka akae nawe aupange upya, kwa sababu mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hula kwa hesabu nyingine kabisa mlimani. Nenda asubuhi, tumbo likiwa tupu, hata mkandaa usinywe.